Nilivyofungia Dagaa Uhuru wa Watu

Leo nacheka kwa sababu baba hayupo tena kunisikia, ila siku ile, jamani, nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa, nami nauza kwenye duka la baba pale Majengo, Sumbawanga (duka la mtu binafsi, wakati ambao kosa dogo tu lilitosha wakubwa waje na kufuli). Akaja mgeni, mpigania uhuru kutoka Rhodesia, kuwashukuru watu kwa mahindi tuliyowachangia wapiganaji wao, na kesho yake avukie mpaka wa Kasesya kwenda Zambia akakutane na Waingereza wajadiliane ni lini watawaachia nchi yao. Baba akamkaribisha chai. Mgeni akawa anatafuta miwani, akatoa makaratasi yote ya kwenye bahasha akayaweka kaunta, kumbe miwani iko mfuko wa shati, basi akachukua bahasha yake tupu akaingia ndani.

Mimi nikaona karatasi zimepigwa chapa kwa Kizungu. Sasa karatasi zetu za kufungia tulikuwa tunazinunua maofisini, mafaili ya zamani, yote Kizungu kitupu, kwa hiyo nikajua baba kaleta mzigo mpya (tena karatasi nzito, safi, hata dagaa hawatoboi). Nikafunga chumvi, nikafunga dagaa, nikafunga sukari, na tumbaku ya babu mmoja aliyetoka Kaengesa. Nilijisifu hata, jinsi nilivyofunga vizuri.

Mchana tukaenda wote uwanjani kwenye mkutano. Mgeni akasimama atusomee masharti watakayowapelekea Waingereza, akafungua bahasha, akachungulia, akaigeuza chini juu, akaikung'uta. Baba akanigeukia taratibu, na mimi nikajua. Alinisimamisha pale pale, mbele ya mkoa mzima, nikawaomba walionunua kwangu asubuhi wanirudishie karatasi.

Watu walicheka hadi wakakaa chini. Akina mama wakafungua vikapu, dagaa wakamwagwa kwenye kanga, karatasi zikaja moja moja, hii ina magamba, ile inanata sukari, na mgeni anazinyoosha gotini huku amenuna. Nilimwonea huruma, lakini nililihurumia zaidi duka la baba. Babu wa tumbaku alikuja wa mwisho na nusu karatasi, akasema nyingine ameshaivuta.

Mgeni aliisoma ile nusu, akaisoma tena, mara mabega yakaanza kumcheza kwa kicheko.

"Shikamoo, mzee," akasema. "Hapo ulipovuta ndipo tulipokuwa tumekubali kusubiri miaka mitano."

"Marahaba. Basi msipaandike tena, mwanangu."

Uwanja ulilipuka kwa vigelegele, wakubwa nao wakapiga makofi, na kufuli halikuja. Kama walipaandika tena huko mbele, sijui. Ninachojua ni kwamba baba aliniondoa kaunta miezi mitatu nikachambue maharage stoo, na mpaka leo nikifungiwa andazi kwenye gazeti nalisoma kwanza lote, pande zote mbili, andazi likitaka lipoe.