Alama ya Sauti ya Baba

Fundi Sauti alianza na redio mbovu, akahamia kwenye kanda, na uzeeni akawa mtu wa kurekodi wazee wa watu kabla hawajaondoka. Kila akimaliza, aliipitisha sauti kwenye programu ya kompyuta inayoisaga yote na kutoa mstari mfupi wa herufi na tarakimu. Aliuita alama ya kidole, akautuma kwa simu kwa watoto wote, mzee mwenyewe akishuhudia. Mkewe alimcheka: "Wewe hata kivuli chako utakidai risiti!"

Asubuhi moja kaka mkubwa wa familia fulani aliingia dukani bila hodi, dada yake mdogo nyuma. Marehemu baba yao alisema, akirekodiwa na Fundi, kwamba nyumba isiuzwe maadamu binti huyo anaishi humo.

"Fundi, umechezea maneno ya mzee! Nimeipima sauti hii ofisini. Alama yake na ile uliyotutumia ni mbingu na ardhi."

Fundi akavuta kompyuta karibu. Jina lake ndilo lililokuwa duka lake. Akapima mwenyewe: kweli, mistari haikufanana hata kidogo. Binti akakaa taratibu, kama mtu aliyekwisha kufukuzwa kwake.

"Hii umeitoa wapi, mwanangu?"

"Si huyu dada alinitumia kwa simu!"

Fundi akashusha nusu ya pumzi. "Simu huibana sauti ili ipite upesi. Sikio halitambui, lakini programu haina huruma: ukigusa chembe moja, mstari wote unageuka. Na mstari haurudi kuwa sauti, kama unga usivyorudi kuwa punje. Ndiyo maana hata nywila za watu huhifadhiwa zikiwa zimesagwa hivyo, mwizi akivunja aambulie unga."

"Maneno matamu hayo."

"Flashi yenye sauti asilia niliyokupa siku ya kurekodi iko wapi?"

Kaka akapapasa mfukoni. Ilikuwa ikining'inia kwenye funguo za gari, haijawahi kufunguliwa.

Fundi akaichomeka, akapima. Binti akausoma mstari, kaka akiufuatisha kwenye ujumbe wa zamani, na kadiri walivyosonga ndivyo ukali ulivyomtoka kaka usoni.

"Ni uleule," akakiri. "Nisamehe, mzee wangu. Nawe pia, mdogo wangu."

"Basi tumsikilize baba," binti akasema, akijifuta macho.

Kabla ya neno lolote, baba akakohoa kwenye rekodi, akakohoa tena, akalaani vumbi. Kaka akaangua kicheko.

"Fundi, hata kikohozi hukukata!"

"Ningekikata baada ya kuwatumia ule mstari," Fundi akajibu, akilegeza kola, "leo ningelala wapi?"