Beringi na Ua wa Matete

Kwa miaka mitatu mume wangu na mama yangu waliishi umbali wa hatua thelathini tu pale Mkuyuni, na hawakuwahi kuonana uso kwa uso. Hawakuwa na ugomvi. Katika ukoo wetu mwanamume hamtazami mama mkwe wake, wala hasemi naye ana kwa ana, wala hampi kitu mkono kwa mkono. Kwa hiyo mama alikaa kwenye kibanda chake nyuma ya ua wa matete, sisi tukakaa mbele, na mimi nikawa njia ya maneno yao yote.

Kila asubuhi mume wangu alisema, "Mpelekee mama shikamoo yangu." Nami niliibeba shikamoo ile hadi nyuma ya ua, nikarudi na marahaba, wakati mwingine uji ukifurika jikoni. Mimi ni mtu wa haraka tangu utotoni. Mama alikuwa mtu wa maneno mengi na mume wangu mtu wa maswali mengi, na niseme kweli, nilianza kuwapunguzia. Mama akitoa sentensi tano, mimi nilifikisha mbili. Hakuna aliyegundua, nami nikajiona mjanja.

Miaka ile ya vita vya Wazungu petroli ilitoka kwa kibali. Mume wangu alikuwa bwana shamba msaidizi, kazi yake kuzungukia vijiji vya kandokando ya ziwa kuhimiza watu wang'oe mabua ya pamba na kuyachoma baada ya kuvuna. Alikuwa na pikipiki aliyoinunua kwa mfanyabiashara mmoja wa Kihindi, nzee, yenye sauti ya mtu anayesafisha koo. Aliipenda kuliko viatu vyake. Msimu wa mvua aliivusha mto uliofurika upande wa Magu, gurudumu la nyuma likanywa maji na matope, na baada ya wiki chache beringi yake ikasagika.

Ijumaa mkubwa wake wa ofisini akamwambia wazi: nafasi ya kuzungukia ufuko ni ya mtu mwenye pikipiki inayotembea. Akija nayo Jumatatu asubuhi ikiwa nzima, nafasi ni yake. La sivyo, apande treni, kisha lori, kwenda Kondoa, huko kuna kazi ya kutembea kwa miguu.

Kondoa! Mama alikuwa na mimi tu. Macho yake yalikuwa yameanza kufunga ukungu, na alikwisha apa kwamba hataondoka karibu na kaburi la baba yangu. Kama mume wangu angehamishwa, ningemfuata, na mama angebaki peke yake akipapasa njia ya kisimani. Sikulala vizuri. Mume wangu naye alikula kidogo, na kwake hiyo ilikuwa sawa na kulia.

Beringi mpya ilipatikana dukani mjini. Tatizo likawa kuitoa ya zamani. Gololi zilitoka zenyewe, zimesagika, lakini kikombe chake, ile pete ya chuma inayokaa ndani ya kitovu cha gurudumu, kilishikwa na kutu kikagoma kabisa. Fundi pekee mwenye vifaa vya kukivuta alikuwa amepanda meli kwenda kuwaona ndugu zake Kisumu.

Basi mume wangu akatengeneza kifaa chake. Alichukua jembe langu lililolika, akakata kipande, akakichonga kwa tupa kama umbo la yai, akakitoboa katikati. Kipande kile kilipita ndani ya pete kikiwa kimelala upande, halafu kikageuka na kukaa nyuma yake kwa upana, kisirudi. Katikati akapitisha bolti ndefu iliyotupwa kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Upande wa pili akasimamisha kipande cha bomba juu ya kitovu, akaweka bamba la chuma juu yake, kisha nati. Ukikaza nati, pete inavutwa kuelekea ndani ya bomba. Nilimwangalia akieleza haya kwa mikono yenye grisi na nikajisikia fahari, ingawa nilimwambia jembe langu atalilipa.

Alimimina mafuta ya taa. Akakaza. Spana ikapinda, pete haikutikisika. Akaweka samli ya moto, na jikoni kwangu kukapungua samli bila faida yoyote. Jumamosi adhuhuri alikuwa amekaa chini, gurudumu mapajani, akilitazama kama mgonjwa.

Ndipo mama akaniita kutoka nyuma ya ua. Alikuwa amesikia nyundo tangu asubuhi. Mama alikuwa binti wa mhunzi; alikulia kwenye mivukuto, akipuliza moto wa baba yake yakifuliwa majembe.

"Mwambie mkwe wangu," alisema, "chuma kikipata moto kinavimba. Asipashe kile kilichokwama, apashe kile kilichokishika. Cha nje kivimbe, cha ndani kibaki baridi, atie kitambaa cha maji. Na asipige nyundo, avute polepole. Na spoku za gurudumu azipake udongo mbichi zisiungue. Umesikia, mwanangu?"

Nilikuwa nimeacha maharage motoni. Nikavuka ua nikamwambia mume wangu, "Mama anasema pasha moto."

"Nipashe wapi?"

"Penye kukwama, bwana! Wapi tena?"

Akaweka nondo kwenye makaa mpaka ikawa nyekundu, akaisukuma ndani ya pete. Pete ikavimba ndani ya kitovu. Yeye, akidhani imelegea, akaipiga nyundo. Ikaenda upande, ikakaa mshazari, imebana kuliko mwanzo.

Jioni alisema kwa upole, "Mwambie mama nashukuru, lakini imeshindikana." Alianza kufuta vumbi kwenye sanduku la bati la safari. Nilisimama mlangoni nikamtazama akilifuta, nikajua maneno niliyoyaacha njiani yangempeleka mama yangu kisimani peke yake.

Jumapili asubuhi nilikwenda nyuma ya ua nikamwambia mama kila kitu. Na yale ya miaka mitatu nikamwambia pia, nikilia.

"Kumbe nimekuwa nikizungumza na mkwe wangu kupitia chujio," mama akasema. "Leta mkeka."

Akaingia ndani, akatoka na mivukuto ya ngozi ya mbuzi ya babu yangu, ambayo sikujua kama bado anayo. Akajitanda kanga mpaka puani. Mimi nikaambiwa nisimamishe mkeka katikati ya uwanja, mume wangu upande mmoja, mama upande wa pili, gurudumu limelazwa juu ya mawe chini ya mkeka, kile kifaa cha bolti na bomba kimefungwa tena, moto ukionekana kwa wote wawili. Nikaambiwa pia nifunge mdomo. Siku hiyo sikuwa mjumbe, nilikuwa mti wa kuegemezea mkeka.

Mama alipanga vigae vya chungu kuzunguka kitovu, akajaza makaa, akaanza kuvukuta. Upepo wa ziwa ulikuwa unakuja vizuri. Alikuwa hauoni moto sawasawa, lakini aliusogezea kiganja na kuujua.

"Mkeka," akasema, "mwambie mkwe wangu atie kitambaa cha maji ndani ya pete."

Nikafungua kinywa. Mume wangu akaniwahi.

"Mkeka, mwambie mama nimeshatia."

"Mkeka, mwambie asubiri. Asubiri bado. Sasa akaze, robo tu."

"Mkeka, mwambie mama spana inalia."

"Iache ilie. Robo nyingine."

Moshi ulikuwa umeniingia machoni, na cheche ikaruka ikatoboa mkeka karibu na kidole changu. Sikuthubutu kusogea. Halafu kukasikika mlio mmoja, kwa! Mume wangu akapiga kelele kama mtu aliyeumwa na siafu. Pete ilikuwa ndani ya bomba, nyeusi, imepinda kidogo, imetoka.

Hakuna aliyekumbuka kuniambia niushushe mkeka.

Jumatatu alikwenda ofisini kwa pikipiki na akarudi kwa pikipiki, nafasi ikiwa yake. Nilimkimbilia barabarani bila kanga begani. Yeye akasema, "Mpelekee mama habari." Nikaipeleka nzima, sikupunguza hata neno.

Mama akajibu, "Gurudumu nimelipika mwenyewe. Nataka kulipanda."

Tulifikiri sana namna ya kufanya. Mwishowe mume wangu alikaa mbele akitazama barabara, nyuma yake tukafunga gunia la pamba, na mama akakaa akitazama tulikotoka, mgongo wake na mgongo wa mkwewe, gunia katikati. Watu wa sokoni walisimama. Waliondoka taratibu kuelekea Nyakato, mama akinipungia mkono mpaka vumbi likamficha.

Walichelewa kurudi. Niliwasikia kabla sijawaona, mama anacheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu baba afe, na mume wangu anasema kitu kwa sauti kubwa kushinda injini. Mkeka haukuwapo, wala mimi sikuwapo.

"Mlikuwa mnazungumza nini?" nikamuuliza mama nikimshusha.

Akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. "Uulize mkeka."

Nikamwendea mume wangu. Naye, kana kwamba wamepatana, akanijibu vilevile. Nilinuna mpaka chakula cha jioni, lakini moyoni nilikuwa nimeshiba. Wote wawili wamekwisha tangulia sasa, na hawakuniambia. Mkeka ule ninao, na tundu lake la cheche, na siku nyingine nikiwa peke yangu ninauuliza.