Nilivyotangaza Chumvi Joshoni

Ndugu zangu, hapa Natta hakuna muuza duka la ushirika aliyesomea biashara ila mimi. Semina ilinifunza mambo manne: bidhaa, bei, mahali na matangazo. Bei ilishapangwa na serikali, basi juzi nikahamishia chumvi joshoni, siku ya kuogesha ng'ombe, watu wamejaa. Nikafungua gunia ili bidhaa ionekane, nikaligeuzia mgongo, nikapanda juu ya sanduku kutangaza. Wakacheka! Nikajua maneno yamewaingia, nikapaza sauti zaidi. Walipopiga makofi, niliinama kwa madaha.

"Meneja, hebu geuka," akasema mwenyekiti wa kijiji.

Fahali wake alikuwa amezamisha kichwa kizima guniani, analamba.

"Huyo ndiye mteja wako wa kwanza. Mtajie bei."