Kitambaa cha Fundi Runinga

Fundi runinga wa mtaani kwetu hakuulizi unatazama nini. Anaiwasha runinga yako ya OLED, anajaza kijivu kioo kizima, anainama kama anayenusa maziwa, kisha anaguna. Picha ikikaa mahali pamoja miezi mingi huacha kivuli kisichotoka, naye hukisoma. Juzi nikiwa pale kwake, mzee mmoja alikuja na yake, mkewe nyuma. "Mimi ni taarifa ya habari tu, basi," mzee akajitetea kabla hajaulizwa. Kwenye kona ya kioo nikaona kivuli cha ubao wa magoli wa gemu ya mpira. Mkewe akasogea. "Hicho nini, fundi?" Fundi akachomoa kitambaa bila kumtazama mzee. "Vumbi, mama." Akaanza kufuta, kwa bidii zote, kitu anachojua hakifutiki.