Bwambale Hakunipa Sumu

Mimi si mtu wa kuongea mbele za watu, na shule niliachia darasa la saba. Nikikosea mnivumilie. Bwambale, dereva mwenzangu, amekaa pale nyuma, atanisahihisha.

Kabla ya kuugua nilikuwa dereva wa mbio. Nilianza kwa kubeba abiria kati ya Kasese na hapa Bwera, halafu fundi mmoja wa Nyamwamba akanitengenezea gari ya mashindano. Miaka tisa nimezunguka viwanja vya vumbi. Nilishinda mara chache. Bwambale alinishinda mara nyingi, na mimi nilisema ni gari yake tu. Labda si kweli. Kwenye kona anajua kuliko mimi.

Sisi madereva tulikuwa na desturi: siku ya mbio hatunywi maji. Ukishafungwa mikanda ndani ya ile nguo nzito, mkojo ukikubana utafanya nini? Na mgongo ukiniuma nilimeza vidonge vya maumivu, viwili, halafu vinne. Hakuna aliyenilazimisha.

Siku ya mbio zangu za mwisho Kasese iliwaka jua. Nilimaliza wa pili. Bwambale, aliyeshinda, akaniletea soda akicheka: "Kunywa, mzee. Umekula vumbi langu ya kutosha."

Nikanywa. Jioni nikatapika. Kesho yake mkojo ulitoka mweusi kama chai ya rangi, kidogo tu, kisha ukakatika kabisa. Miguu ilivimba, ukibonyeza kwa kidole, shimo linabaki.

Mama akaniuliza, "Mutoto wangu, nani alikupa kitu ya kunywa?"

"Bwambale."

Nilisema hilo tu. Niliona uso wake umebadilika. Juu ya vidonge sikusema.

Kaka yangu alinipeleka hospitali ya Kisinga. Nikamuuliza daktari kama ni sumu. Yeye akaniuliza: "Umemeza dawa gani?" Nikamwambia, macho chini. "Na maji?" Nikasema sikunywa.

"Basi figo zako umezikausha mwenyewe, na vidonge vikamalizia," akasema. "Hiyo soda ndiyo kitu ya maana pekee uliyokunywa siku hiyo."

Walinituma kwenye mashine ya kusafisha damu, mji mwingine, mara nne. Siku ya kumi na moja nikakojoa nusu kikombe. Nesi akapiga makofi, mimi nikalia.

Sasa sikilizeni. Ukweli nilikuwa nao tangu siku ile ya daktari, na nilikaa nao wiki tano. Niliona aibu. Huku nyumbani ninyi mliacha kununua kwa Biira, mke wa Bwambale, mpaka akafunga duka. Siwalaumu. Habari ya sumu ilitoka kwetu.

Juzi nikamwambia mama. Akasema, "Mimi nilipita nyumba kwa nyumba. Wewe simama kanisani."

Ndiyo maana nimesimama. Bwambale hakunipa sumu.

Namshukuru Mungu, daktari, yule nesi, na kaka aliyeuza mbuzi wake. Kurudi kwenye mbio daktari hajaniruhusu, na sijui kama ataruhusu. Madereva, kunyweni maji. Mkojo ukija, simamisha gari. Vidonge, muulize anayejua kwanza. Na ukiulizwa kuhusu mtu, jibu mpaka mwisho.

Biira, samahani. Nimesikia kesho unafungua tena. Mama amesema atakuwa mlangoni kabla hujatoa kufuli.