Kitenge juu ya kompyuta

Jumatatu, kwenye ofisi ya hati za kuzaliwa hapa Kamina, nilimkuta fundi akifunua kitenge kilichofunika kompyuta. Aliigusa, akarudisha mkono haraka.

"Papa, hii iko moto sawa mbabula ya makala! Disque imekufa, na majina yote ilikuwa ndani."

"Tuliifunika sababu ya vumbi," karani akajibu.

"Hata wakati inatumika?"

"Njo ile wakati vumbi inaingia!"

Mama mwenye mtoto mgongoni akauliza, "Na jina ya mutoto wangu?"

"Rudia hapa na bashahidi, mama," karani akamwambia. "Tutaandika tena."

Mnisamehe, nina hasira. Feni pekee ya ofisi ilikuwa inazunguka, imeelekezwa kwenye kiti cha mkuu. Mkuu mwenyewe yuko safarini tangu wiki iliyopita. Kiti chake kimepoa vizuri. Majina ya watoto wetu ndiyo yaliyoungua.