Mume wangu anataka saa aliyozaliwa binti yetu, nyota zimchagulie masomo

Jina langu lisitokee tafadhali, maana Mpanda ni mji mdogo na majirani zangu huwa wanasoma ukurasa huu. Mimi ni mama wa miaka thelathini na saba, nina watoto watatu, tunaishi Kawajense. Nauza vitenge sokoni. Mume wangu nitamwita Baba Neema, ingawa mtoto wetu haitwi hivyo.

Baba Neema alikuwa fundi wa pikipiki na mashine. Sisemi kwa sababu ni wangu, ila watu walikuwa wanatoa injini za boti huko Kapalamsenga ziwani, wanapita mafundi wote, wanamtafuta yeye. Anasikiliza kidogo tu, anakwambia ugonjwa uko wapi. Mwaka juzi mgongo ukaanza kumsumbua, akawa na mawazo, kutwa yuko kwenye simu. Ndipo akaingia kwenye kundi la mwalimu mmoja anayefundisha unajimu wa Kihindi. Mwalimu anasema kazi inayokufaa inaonekana angani tangu ulipozaliwa. Unaingiza tarehe, mahali na saa kwenye programu ya simu, inakuchorea ramani ya nyumba kumi na mbili. Nyumba ya kumi ndiyo ya kazi, na nyota iliyokaa humo ndiyo inayokuonyesha njia.

Ya kwake ikatoka Zuhura. Akaniita mbio mbio.

"Mama Neema, umeona? Zuhura ni urembo, ni sherehe. Ndiyo maana chuma kinaniumiza mgongo."

"Mgongo unakuuma kwa sababu unainama kutwa nzima," nikamwambia.

Akasema mimi ni mtu wa kumrudisha nyuma. Wiki hiyo hiyo akauza mashine ya kuchomelea, kompresa, mpaka spana alizonunua kabla hajanioa. Akanunua vitambaa, maua ya plastiki na taa za rangi, akaanza kupamba kumbi za harusi. Jamani, mtu mwenyewe hajawahi kujua kama shati na suruali yake vinaendana! Harusi ya Magamba ndiyo siwezi kuisahau. Bibi harusi alitaka kijani cha kupauka na rangi ya maziwa. Yeye akafunika ukumbi mzima kwa kijani cha sare za shule. Mshereheshaji akashika kipaza sauti, akauliza, "Ndugu zangu, hii ni harusi au ni mahafali?" Watu walicheka mpaka wakapiga meza. Mimi nilikuwa nyuma nabana kitambaa kwa pini. Nikamwona mume wangu ameshikilia ngazi, anatabasamu kama vile hakusikia. Nilitamani kulia pale pale.

Baadaye mama mkwe akaja kututembelea. Ni mama wa Kisukuma, sisi wote tunamwita mayu. Akauliza kwa nini mwanae kaacha ufundi. Baba Neema akamweleza habari za nyota na saa aliyozaliwa.

"Saa ngapi?" mayu akauliza.

"Si ulinitajia mwenyewe kwenye simu, mayu? Saa kumi asubuhi. Nikaandika kumi."

"Saa kumi alfajiri, mwanangu! Giza lilikuwa bado, hata ng'ombe hatujawafungulia."

Nikachukua simu yake nikaangalia. Programu inahesabu saa za Kizungu. Ile kumi yake ya asubuhi ni saa nne yetu, jua limeshapanda. Mume wangu aliuza vifaa vyake kwa ramani ya mtu mwingine kabisa!

Akaingiza upya, mbele yetu. Nyumba ya kumi ikatoka Mirihi. Maelezo yakasema: chuma, moto na mashine.

Nilidhani yameisha. Nikamwambia, "Haya, si umeona zilivyokudanganya?"

"Zimenidanganya wapi? Nilikosea saa mimi. Nyota zilikuwa zinajua kwamba mimi ni fundi."

Hata mimi nilijua kwamba ni fundi, na nilimwambia, ila mimi siko angani. Sasa hivi anafanya kibarua kwenye gereji ya mtu ambaye zamani yeye ndiye alimfundisha kazi, akirudi anasifia nyota. Imani imekuwa mara mbili ya ile ya mwanzo.

Sasa amemgeukia Neema. Binti anaingia kidato cha tatu, ameletewa fomu ya kuchagua masomo. Anapenda kemia kupita kiasi, anataka aje kuwa daktari. Baba yake anasema hasaini fomu mpaka aone nyumba ya kumi ya mtoto. Neema nilimzaa kwa mama yangu, na kadi ya kliniki ina tarehe tu. Waliokuwepo wameshafariki, saa naijua mimi peke yangu. Redio ya jirani ilikuwa inaanza taarifa ya habari ya saa saba mchana.

Niliingiza saa hiyo kwa siri, nikihesabu vizuri. Ikatoka sheria, uandishi na mambo ya kuongea. Nikajaribu saa nyingine na nyingine. Saa kumi jioni ndiyo inaleta utabibu.

Nikamwambia Neema nitasema saa kumi. Akaniangalia, akasema, "Mama, ukidanganya leo, na siku ya kuolewa je? Si atauliza tena nyota? Mimi nataka baba asaini kwa sababu nimemwomba."

Nimeshajaribu kuongea na baba yake mara tatu, na kila mara ananijibu, "Wewe nipe saa tu." Nikisema saba, mwanangu anapoteza kemia. Nikisema kumi, nimemuuzia baba yake uongo atakaouamini mpaka anakufa, na mtoto anajua. Fomu inarudishwa shuleni Ijumaa. Nyie mliolea mabinti na mnaoishi na waume wasiosikia, nimtajie saa gani?